Kupanga Mlo wa Familia Kuanzia Ghalani

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kaya za Bonde la Kilombero, nasi tumechukua Idete, iliyo kando ya barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba, kuwa mfano wake. Swali linalowachosha wapishi wengi ni lile la kila jioni: leo tutapika nini? Wengi hulitafutia jibu sokoni au jikoni. Kwa kaya inayolima mpunga, jibu huamuliwa mapema zaidi, kati ya Mei na Julai, mavuno yanapopimwa na sehemu yake kuuzwa.

Wakati huo mpunga huwa mwingi na bei yake huwa chini. Mahitaji ya shule, madeni ya pembejeo na gharama za trekta hudai fedha siku hizo hizo. Kaya huuza. Ifikapo Februari au Machi, mpunga mpya ungali mbichi shambani, kaya iyo hiyo hununua mchele dukani kwa bei iliyopanda. Mkulima amegeuka mnunuzi wa zao alilolilima mwenyewe. Wasiwasi wa mpishi katika miezi hiyo hauondolewi na orodha ya mapishi, hata iwe nzuri namna gani.

Basi tuanze na hesabu. Kwa siku saba, pima mchele kabla ya kuuosha, na uandike. Tuchukue kaya ya watu sita inayopika kilo 2 kwa siku, na inayokula wali siku nne za juma, siku nyingine zikiwa za ugali, ndizi au muhogo. Siku 4 kwa majuma 52 ni siku 208, yaani kilo 416 za mchele. Kilo 100 za mpunga mkavu zikikobolewa hutoa mchele wa kilo 60 hadi 65 hivi. Tukikadiria kwa kiwango cha chini, kaya hiyo inahitaji karibu kilo 700 za mpunga, yaani magunia 7 ya kilo 100. Ongeza gunia moja kwa ajili ya wageni na misiba, na mbegu zitengwe peke yake. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Ikiwa mavuno hayafiki kiasi hicho, ni heri kulijua jambo hilo Julai kuliko Februari, kwa kuwa Julai bado inawezekana kuongeza siku za muhogo, kuotesha bustani ya mboga au kununua mahindi kabla hayajapanda bei.

Hesabu hii ifanywe na mume na mke pamoja, kabla mnunuzi hajafika uani. Katika nyumba nyingi anayeuza si anayepika, na anayepika huja kujua kiasi kilichobaki siku mkono wake unapogusa kitako cha gunia.

Lakini hesabu ya kilo haina faida ikiwa kipimo ni cha uongo. Debe, ndoo na sado hupima ujazo, wala si uzito. Debe la mpunga na debe la mchele hayawi na uzito mmoja. Kopo lililobonyezwa kitako humpunja mnunuzi, na lililojazwa kwa kilele humpunja muuzaji. Ndiyo sababu vyombo hivyo si vipimo halali vya biashara. Lumbesa nayo, yaani gunia lililoongezewa kichwa na kushonewa juu, ni kosa: gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Tuseme mkulima ameuza magunia 10 ya lumbesa, kila moja likiwa na kilo 120, akalipwa kwa hesabu ya gunia. Ametoa kilo 200 za mpunga bila malipo. Kwa kaya tuliyoitaja, huo ni mchele wa siku 60 za wali, ambazo kwa mpango wa siku nne ni majuma 15. Msomaji na ahesabu mwenyewe: majuma hayo yanatosha kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili.

Kwa hiyo uza na ununue kwa mizani. Kabla bidhaa haijawekwa, mizani isome sifuri. Uso wake uelekee upande unaouona. Nayo iwe na stika inayoonyesha kwamba imehakikiwa mwaka huu. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Ghala likishajulikana, mpango wa juma huwa mwepesi, maana kinachobaki kuamuliwa ni mboga tu. Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji wa mwaka 2023 unataja makundi sita ya chakula, na Idete hayako mbali: perege na kambale, dagaa, maharage na kunde, matembele, kisamvu, maembe yakiwa msimuni. Hatupendekezi ratiba ya saa na dakika. Inatosha kaya ikubaliane, kwa mfano, siku mbili za maharage, mbili za samaki, moja ya dagaa, na majani ya kijani kila siku. Maharage yalowekwe usiku wa kuamkia siku yake, nayo yataiva kwa kuni chache. Mahindi au karanga zenye ukungu zisiliwe wala wasipewe kuku, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Ugumu wa pekee wa bonde hili ni majiko mawili. Msimu wa kilimo, familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi, huku watoto wanaosoma wakibaki nyumbani na bibi. Chakula kigawanywe kwa kilo siku ya kuondoka, kwa idadi ya walaji wa kila upande, na kila jiko liwe na kopo la kupimia lililolinganishwa na mwenzake. Bibi aachiwe pia fedha ya mboga kwa juma la kwanza, kwani mara nyingi ndiyo inayosahauliwa.

Anayetilia shaka mizani, au anayelazimishwa kufunga lumbesa, atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji au ofisi ya vipimo ya mkoa, akitaja siku, mahali, bidhaa na uzito alioambiwa. Risiti ikiwapo, ihifadhiwe.