UTUNZAJI WA MSUMENO WA PETROLI ULIOZEEKA

Katika Matsangoni, kati ya Kilifi na Malindi, minazi iliyokoma kuzaa hupasuliwa mbao, na mivinje hukatwa kuwa nguzo za nyumba. Kazi ambayo zamani ilitaka watu wawili na msumeno mrefu, leo yafanywa na mtu mmoja mwenye msumeno wa petroli, ule uitwao na wengi pawa-so. Mashine hii si ngeni duniani. Mjerumani Emil Lerp aliujaribu wake katika mlima Dolmar mwaka 1927. Lakini si ajabu kukuta msumeno uliopita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kumfikia aliye nao sasa. Kwa mtu huyo, siku mashine isipowaka ni siku isiyo na ujira. Kwa hiyo yafaa ajue jinsi ya kutafuta ugonjwa wake kwa utaratibu, asije akatupa fedha kununua vyombo visivyohitajiwa.

Petroli na Oili

Mashine hii haina oili ndani ya tumbo lake kama gari. Pistoni hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, na asiyechanganya huiua mashine yake kwa muda mfupi. Kwa oili njema ya injini za namna hii, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Yaani mililita 20 kwa lita 1, au mililita 100 kwa lita 5. Ikiwa kitabu cha mashine ya zamani chataja kipimo kingine, kifuateni hicho. Pimeni kwa chombo chenye alama, wala msikisie kwa kifuniko cha chupa. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usitumiwe.

Ikikataa Kuwaka

Mashine yataka vitu vinne ili iwake: petroli, moto wa plagi, hewa na mgandamizo. Chunguzeni kimoja baada ya kimoja.

Kwanza, fungueni plagi mtazame ncha yake. Ikiwa imelowa petroli, mashine imekunywa kupita kiasi. Zimeni swichi, fungueni choki, vuteni kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha ikausheni na kuirudisha. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Tazameni chujio lililo ndani ya tangi, na mpira upitishao petroli, kwa maana mpira wa zamani hukauka na kupasuka.

Pili, jaribuni moto. Plagi ikiwa imeunganishwa na waya wake, igusisheni na chuma cha injini, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli waweza kushika moto, kisha vuteni kamba. Msipoona cheche, jaribuni plagi mpya kabla ya kulaumu kitu kingine. Nafasi ya ncha zake aghalabu ni milimita 0.5.

Tatu, toeni chujio la hewa, mlisafishe unga wa mbao.

Nne, zimeni swichi na kuinua mashine kwa mkono wa kamba ya kuwashia. Ikishuka polepole kwa kusitasita, mgandamizo upo. Ikishuka upesi kama ndoo kisimani, pistoni au pete zake zimekwisha, na mashine hiyo yataka fundi.

Nguvu Zikipungua

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mali zao. Mashine ikilegea, mwenyewe huchukua bisibisi na kukaza skurubu ya kabureta. Mlio hupanda, naye hufurahi akidhani amepata dawa. Kumbe amepunguza petroli, na kwa kuwa oili huja pamoja na petroli, amepunguza oili vilevile. Pistoni huchomeka, hukwaruza silinda, na mashine hukwama isizunguke tena.

Kabla ya kugusa skurubu hiyo, safisheni chujio la hewa na kijiwavu cha ekzosi, ambacho huzibwa na masizi. Kisha fikirini utando mwembamba wa mpira ulio ndani ya kabureta. Utando huo hukakamaa kwa uzee, na bei ya kuubadilisha ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya silinda. Tena, mashine ikinguruma juu yenyewe mkiilaza ubavu, au ikichelewa kutulia mkiachia mkono wa petroli, huenda hewa inapenya kwa siri penye mipira ya kuzuia uvujaji. Izimeni mara moja; kazi hiyo ni ya fundi. Plagi yenye rangi ya kahawia yaonyesha afya; iliyo nyeupe ni onyo.

Mnyororo na Upanga

Mara nyingi mashine husingiziwa udhaifu, na kosa ni la meno. Tazameni kinachotoka: vipande vya mbao ni dalili ya meno makali, unga ni dalili ya ubutu. Gogo la mnazi mkongwe ni gumu sana upande wa nje, na hufanya meno kuwa butu upesi. Zaidi ya hayo, vidato vilivyochanjwa na wagema huweza kushika mchanga, adui mkubwa wa mnyororo. Futeni mahali pa kukatia kwa brashi, na mtazame misumari.

Tumieni tupa ya mviringo ya kipimo sahihi: mnyororo wa kawaida wa inchi 3/8 hutaka tupa ya milimita 5.2, na ule wa inchi 0.325 hutaka ya milimita 4.8. Piga tupa kwa kusukuma mbele tu, idadi ileile kwa kila jino. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi, msumeno hukata kombo. Geuzeni upanga, yaani lile bapa la chuma, juu chini mara kwa mara ili usilike upande mmoja, na mzibue vitundu vya oili yake.

Mahali Pasipo Kubahatisha

Mashine kuukuu yaweza kusamehewa kelele, lakini isisamehewe mambo mawili. Breki ya mnyororo lazima ishike, na mnyororo lazima usimame kabisa mashine inapotulia. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mtu kabla hajaweza kukwepa. Asiye na breki nzima asiwashe.

Jioni, safisheni mashine. Ikiwa itakaa wiki nyingi, mwageni petroli, iacheni iwake mpaka izimike, na mpake mnyororo oili, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu upesi.

Neno la mwisho: msumeno uliotengenezwa vizuri utumike mahali halali. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani ni hifadhi, na mti wake haukatwi bila kibali. Mwenye mashine njema, akifanya kazi shambani kwa idhini ya mwenyewe, hatakosa riziki. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mashine huanza na chujio chafu.