Bunagana ya Nani? Maswali na Majibu Kuhusu Mahali na Namna Panavyobadilika

Bunagana ni mji mdogo wa Rutshuru, Kivu Kaskazini, uliokaa mpakani mwa Kongo na Uganda. Ng'ambo ya pili, wilayani Kisoro, pia kunaitwa Bunagana. Wengi wanaoutaja mji huu hawajawahi kufika huko. Mwanajiografia wetu anajibu maswali ya wasomaji.

Mwalimu, mahali si pale palipoonyeshwa kwenye ramani?

Ramani inakupa nukta. Ukitazama Bunagana kwenye simu utaona mpaka, barabara, na kusini yake volkano za Sabinyo, Gahinga na Muhabura. Yi-Fu Tuan, mwanajiografia mzaliwa wa China aliyefundisha Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba nafasi tupu huwa mahali watu wanapoizoea na kuipa maana. Mama anayevusha maharagwe haioni nukta. Kwake Bunagana ni bariere ya mpakani, ni bei ya shilingi ya Uganda asubuhi hiyo, ni jamaa wa ng'ambo anayemtunzia mzigo mvua ikinyesha.

Basi kwa nini watu wawili wanauona mji mmoja tofauti?

Kwa sababu kila mmoja anaujua kwa shughuli yake. Dereva wa lori aliyetoka Kampala, zaidi ya kilomita 450, anaujua kama foleni na karatasi za forodha. Mkulima wa vijiji vya Jomba vilivyo karibu anaujua kama soko. Mtu wa Kinshasa anaujua kama habari ya vita, maana jina hilo humfikia redioni mji unapotekwa, wala si siku maharagwe yanapouzwa vizuri.

Hata saa hazilingani. Ikiwa ni saa nne asubuhi upande wa Uganda, Kongo ya mashariki bado ni saa tatu. Mchuuzi anayevuka lazima awe na saa mbili kichwani, na afisi za pande zote mbili zikifuata saa zilezile za kazi, ya Uganda ikifungwa ya Kongo bado ina saa nzima.

Je, mtazamo wa mtu wa mbali unaweza kubadilisha mahali penyewe?

Unaweza, na mpaka huu ni ushahidi. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke, akiwa Karagwe, aliona vilele kwa mbali, akaandika habari za mlima Mfumbiro. Hakufika. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana Afrika Mashariki kwa mkataba, ziliandika kwamba mlima huo usiwe wa Wajerumani, hata ukionekana uko kusini ya mstari waliouchora. Wapimaji walipofika, mlima mmoja wa namna hiyo haukuwapo. Kulikuwa na safu ya volkano nane, na Wabelgiji nao walikuwa na madai yao.

Ugomvi ulimalizwa Brussels mwaka 1910, na mwaka uliofuata tume ya nchi tatu ikaja kuweka alama ardhini. Bufumbira, upande wa Kisoro, ikawa ya Waingereza; Bwisha, upande wa Rutshuru, ikawa ya Wabelgiji. Watu wa pande zote mbili walikuwa na lugha zinazosikilizana, wakioana na kulima jirani. Mji wa mpakani tunaoujua leo umetokana na mlima ulioonwa kwa mbali na kujadiliwa Ulaya.

Goma ilibadilishwa na lava. Bunagana inabadilishwa na nini?

Goma ni rahisi kueleza. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na watu wakajenga upya juu ya mwamba uleule. Bunagana hubadilika hata nyumba zikibaki zilivyo. Mwingereza Doreen Massey alifundisha kwamba mahali hufanywa na yale yanayopita na kukutana pale, si na kuta zake. Kwa Bunagana maneno hayo yanakaa sawasawa: ukitaka kuujua mji huu, uliza nani anavuka, na nani anashika bariere.

Julai 2012 waasi wa M23 waliuteka. Jeshi la Kongo likaurudisha tarehe 30 Oktoba 2013. Juni 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Kongo walizindua mradi wa barabara, na sehemu ya Bunagana, Rutshuru hadi Goma ilikuwa kilomita 89. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Juni 2022, M23 waliuteka tena. Maelfu ya watu walikimbilia Kisoro, wengi wakapokelewa kwenye kambi ya Nyakabande. Machi 2023 waliingia askari wa Uganda chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakaondoka Desemba. Julai 2025 Uganda ilifungua tena mpaka upande wake. Barabara kuu ni ileile, lakini katika miaka hiyo imekuwa njia ya biashara, mstari wa mbele na njia ya kukimbilia.

Waliokimbia wakirudi, wanarudi palepale?

Kwenye kiwanja chao, ndiyo. Kwenye mahali pao, si lazima. Aliyekimbia huondoka na ramani kichwani: jirani fulani, mteja fulani, mpaka wa shamba alioujua baba yake. Akirudi anakuta jirani amehama na mteja ananunua kwingine. Ndiyo maana kugawa mabati peke yake hakutoshi kumrudishia mtu makazi. Inabidi kusuluhisha mashamba na kufufua soko pia.

Nawezaje kuchunguza mtaa wangu mwenyewe?

Kevin Lynch, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu Boston, Jersey City na Los Angeles, aliwaomba wakazi wachore mji wao kwa kumbukumbu. Fanya hivyo hivyo. Mpe karatasi motari, mpe mama wa sokoni, mpe mtoto wa shule, mpe na aliyehamia mwaka jana. Usisahihishe vipimo. Tazama kila mmoja ameanzia wapi, na ameacha nini. Kisha waulize: ni lini uliacha kupita hapa, na kwa nini? Majibu yao yakikutana kwenye mwaka mmoja, umekwisha kuona mtaa wako ulibadilika lini, hata kama hakuna jengo lililoanguka.