Somo: Nunua Gari Utakaloweza Kulilisha

Wengi wetu hapa Uasin Gishu twajua kufuga. Mtu akienda kununua ng'ombe wa gredi haulizi bei peke yake. Huuliza anakula nini, anatoa lita ngapi, na daktari wa mifugo yuko umbali gani. Ng'ombe hununuliwa siku moja lakini hulishwa kila siku. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiingia mjini Eldoret kutafuta gari lililotumika, huuliza mambo mawili tu: ni pesa ngapi, na lina viti vingapi.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka 2018, baada ya kuuza mahindi, mimi na ndugu yangu tuliunganisha pesa tukanunua gari la viti saba. Lilikuwa kubwa, linang'aa, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya magari madogo yaliyoegeshwa kando yake. Hatukujiuliza kwa nini. Injini ilikuwa ya cc 2400. Kumpeleka mama kliniki kukawa kunameza pesa za maziwa. Baada ya miezi tisa giaboksi ikafa, gari likakaa chini ya mikaratusi, kuku wakataga ndani. Usiku mmoja mama akazidiwa, na ilitubidi kugonga mlango wa jirani kuomba gari. Mama alipona, lakini aibu ile hatujaisahau. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Piga hesabu ya mafuta kwanza

Chukua mfano wa mtu anayekaa Eldoret na kufanya biashara Kitale. Ni yapata kilomita 70, kwenda na kurudi 140. Akienda mara 3 kwa wiki ni kilomita 420.

Gari A linakwenda kilomita 10 kwa lita moja: lita 42 kwa wiki.
Gari B linakwenda kilomita 15 kwa lita moja: lita 28 kwa wiki.

Tofauti ni lita 14 kila wiki, yaani lita 728 kwa mwaka. Tuseme lita moja ni shilingi 180: hizo ni shilingi 131,040. Hiyo ni karo ya mtoto! Kwa hivyo kama gari A liliuzwa kwa bei ya chini kwa shilingi 100,000, faida hiyo yote imekwisha kwa wiki 40 hivi. Wewe fanya hesabu kwa safari zako na kwa bei ya mafuta ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

Usiamini maneno ya muuzaji kuhusu ulaji wa mafuta. Kodi gari la aina hiyo kwa siku moja. Jaza tangi, andika kilomita, nenda safari yako ya kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Jibu hilo halidanganyi.

2. Injini isizidi, wala isipungue

Wengine wakisikia hivi hukimbilia injini ndogo kabisa. Hapana. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza yapata asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari la cc 1000 likipakiwa watu na magunia, mlima wa Timboroa utalipanda kwa gia ya chini, likilia, na mafuta yatakwenda tu. Kwa familia nyingi hapa, cc 1500 hadi 1800 zinatosha.

Magari ya haibridi huokoa mafuta hasa mjini, kwenye foleni na kusimama-simama. Lakini hakikisha betri yake kubwa imepimwa na fundi anayeijua, maana kuibadilisha ni gharama nzito.

3. Nafasi: pima kwa watu wako

Toyota Probox na Toyota Fielder zina viti vitano na nafasi nzuri ya mizigo nyuma, na zapatikana kwa injini ya cc 1500. Probox ilitengenezwa kwa kazi, kwa hivyo usitarajie starehe. Toyota Sienta ina viti saba kwa cc 1500, na Toyota Wish ina viti saba kwa cc 1800. Lakini safu ya tatu ni ya watoto zaidi, na ikikaliwa mizigo hukosa mahali. Noah ni pana zaidi, ila nyingi ni za cc 2000 na mafuta ni zaidi.

Nenda na familia. Nyanya aingie na kutoka mwenyewe. Kila mtu akae, milango ifungwe. Tena kumbuka, idadi ya viti ndiyo idadi ya watu. Sote tumeona Probox zikibeba watu kumi na zaidi. Ajali ikitokea, bima huenda ikakuruka.

4. Uliza spea na fundi

Kabla ya kulipa, pita kwa mafundi wawili wa jua kali na duka moja la spea. Uliza bei ya breki, shokamzoba na giaboksi ya gari hilo. Kama fundi anakuna kichwa, nawe kuna chako. Gari la giaboksi ya CVT lataka oili yake maalum. Wengi wameiua kwa kutiwa oili ya kawaida.

5. Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi

Gusa boneti. Ikiwa ina moto, kuna mtu amewasha kukuficha jambo. Kisha:

– Moshi wa buluu: injini inakula oili. Moshi mweusi: inakula mafuta kupita kiasi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto: huenda maji yanaingia ndani.
– Chomoa kijiti cha oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Ondoka.
– Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Mita ikisema 60,000 na pedali imeisha, amini pedali.
– Tairi lina tarakimu nne za tarehe. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021.

Ukiagiza kutoka Japani, sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

6. Karatasi kabla ya pesa

Tafuta nambari ya gari kwenye huduma ya NTSA katika eCitizen. Jina lazima liwe la anayekuuzia, si la "binamu yake yuko Nairobi". Jina la benki likionekana pia, gari lina deni. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini. Mkalipane huku uhamisho wa umiliki ukifanywa, si "wiki ijayo". Broka akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja alichukue.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Familia yako husafiri kilomita ngapi kwa wiki? Ziandike.
2. Baada ya kununua, ni pesa ngapi zitabaki kwa bima, tairi na matengenezo ya mwaka wa kwanza? Kama ni sifuri, ngoja msimu mwingine.
3. Nani katika kikundi ameuziwa gari bovu? Asimulie bila kuona haya, wengine wapone.

Sisi tuliliuza lile letu kwa hasara. Sasa tuna la cc 1500, kuukuu, lisilong'aa. Lakini mama akiitwa kliniki, tunawasha na kwenda.