Kibao Kinachovuma Kina Wenyewe

Mdogo wangu mmoja anayeuza mabegi ya wanafunzi Instagram ameniandikia kwa hasira. Video yake ya tangazo, ambayo aliilipia ili iwafikie watu wengi, imezimwa sauti. Mabegi yanaonekana, zipu zinafunguliwa na kufungwa, lakini kimya. Hata sauti yake mwenyewe akitaja bei haisikiki. Chini yake alikuwa ameweka kibao kinachotamba mjini. Anauliza: "Dada, wimbo huo kila mtu anauweka. Kwa nini mimi?"

Kwa sababu wewe unauza, mdogo wangu. Binti anayecheza wimbo huo sebuleni kwao anajifurahisha. Wewe umeuweka ukusaidie kuingiza hela. Ndiyo maana ukibadili akaunti iwe ya biashara, nyimbo nyingi za mastaa hupotea kwenye orodha. Najua ujanja wenu wa kurudi kwenye akaunti ya kawaida ili mzipate tena. Haubadilishi kitu, tangazo linabaki kuwa tangazo. Mwaka 2022 mahakama moja ya Marekani iliamua kuwa kampuni ya kinywaji cha Bang ilivunja hakimiliki kwa kuweka nyimbo za Universal kwenye matangazo yake ya TikTok. Kwamba nyimbo hizo zilikuwa zinapatikana ndani ya TikTok hakukuiokoa.

Sasa wengine mtaniambia, "Lakini dada, msanii mwenyewe nilimwandikia inboksi, akanijibu tumia tu." Vizuri, amekuonyesha moyo. Ila hiyo ruhusa ni yake kuitoa? Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studio. Utunzi unaweza kuwa wa mtu mmoja na rekodi ikawa ya lebo iliyogharamia, halafu prodyuza naye ana sehemu yake kwenye biti kwa makubaliano ambayo wewe hukuyaona. Ukitaka kuunganisha wimbo na picha zako, wenye mali zote mbili wanatakiwa wakubali, tena kwa maandishi.

Na msifikiri kumtafuta dada wa kwaya amwige staa ndiyo njia ya mkato. Miaka ya 1980 Ford walitaka wimbo mmoja wa Bette Midler kwenye tangazo la gari. Midler akakataa kuuimba. Wakala wao wa matangazo, ambaye ruhusa ya utunzi alikuwa nayo, akamchukua mwanamke aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani na kumwambia aimbe kama yeye. Akaimba kweli, hadi watu wakadhani ni Midler mwenyewe. Midler akaenda mahakamani, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema sauti ya mwimbaji maarufu ni kitambulisho chake, huwezi kuiiga makusudi ili uuzie bidhaa. Baadaye akalipwa dola 400,000. Ni sheria ya California, sawa, lakini ukipanga kumtumia mtu mwenye sauti inayofanana na ya staa wa Bongo Fleva ili wateja wadanganyike, jiulize mara mbili.

Halafu kuna hili la "wimbo wa zamani hauna mwenyewe." Kwa sheria za Tanzania Bara na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Chukua nyimbo alizoimba Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Huwezi kuhesabu kutoka kifo chake kisha ukajipa uhuru, kwa sababu baadhi zilitungwa na watu wengine, nao wana tarehe zao. Na ukiutumia wimbo wake kama ulivyoimbwa na Bi Kidude, unatumia rekodi mpya zaidi yenye mmiliki wake. Uzee wa wimbo haukupi rekodi ya jana.

Wenye saluni na migahawa, nanyi nawaona. Kile kibali mnacholipia ili mpige muziki wateja wakisuka au wakila kinahusu muziki kusikika pale dukani. Hakina uhusiano na video.

Tuje kwenye muziki wa bure, maana najua ndiko mnakoelekea. TikTok wana maktaba ya nyimbo za biashara, Facebook na Instagram wana Sound Collection, YouTube nao wana Audio Library. Zitumieni, ila msome masharti: wimbo wa maktaba ya TikTok umeruhusiwa TikTok, si kwenye skrini ya barabarani wala tangazo la televisheni. Zile leseni za Creative Commons zina herufi, na herufi hizo zina maana. Ukiona NC, biashara hairuhusiwi. Ukiona ND, huruhusiwi kuubadilisha wimbo, na kuuunganisha na video kunahesabika kuwa kuubadilisha. Ukiona BY peke yake, tumia, ila mtaje mtunzi. Muziki unaouzwa kwa jina la "usiodai mirabaha" si wa bure hata kidogo. Unalipa mara moja badala ya kulipa kila ukitumia. Tunza risiti na karatasi ya leseni, kwa sababu mashine za YouTube zinaweza kukukamata hata ukiwa umelipa, na hapo karatasi ndiyo itakayokutetea. Hata zile programu za akili unde zinazotunga wimbo kwa kuandikiwa sentensi, baadhi hazikuruhusu kufanya biashara ukiwa kwenye kifurushi cha bure.

Mimi maoni yangu ni haya: hata kama ungepewa hit bure, nisingekushauri uiweke. Hit inajitangaza yenyewe. Mteja ataimba kiitikio, atamkumbuka msanii na video yake ya ufukweni, begi lako limepita bila kuonekana. Tena kwenye khanga na vitenge ndiyo hatari zaidi, mtu anachukua taarabu ya mipasho kwa sababu ya kinanda, kumbe maneno yanamsema jirani. Kaswida na nyimbo za injili ziacheni kwenye heshima yake, hata kama ni Ramadhani au Krismasi na biashara imechangamka.

Tafuta prodyuza mdogo mtaani kwako, akutengenezee biti ya sekunde 30, isiyo na maneno. Mwambie bidhaa ni nini na mnunuzi ni nani: singeli inakwenda na raba za vijana, mama anayetafuta mapazia ya sebule hataki kukimbizwa. Ikifika, isikilize kwenye spika ya simu ya kawaida, kwa sababu besi iliyokufurahisha studio huko haifiki. Ukianza kuongea, muziki ushuke. Mpe mtu aliye chumba cha pili aisikilize video, akishindwa kurudia bei uliyoitaja, punguza tena. Na andika bei kwenye skrini, wengi wanatazama wakiwa wamezima sauti.

Kwenye karatasi ya makubaliano na prodyuza muandike kwamba biti ni mpya na hakuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine ndani yake. Kwamba unaruhusiwa kuitumia kwenye matangazo ya kulipia, mitandao ipi, nchi zipi, kwa muda gani. Na kama yeye anaweza kumuuzia mshindani wako. Hapo ndipo mnapoteleza. Mnakubaliana bei, mnasahau muda, mwaka unaofuata biti yako inauza mabegi ya duka la pili.

Wa mabegi, shule zikikaribia kufunguliwa studio zinajaa na kila mtu ana haraka. Nenda sasa hivi, lipa nusu, na salio ulitoe karatasi ikishasainiwa na ninyi wawili.