Tumbawe jipya lisishindiliwe chakula msimu huu wa kaskazi

Kaskazi imeingia. Maji ya pwani yanapanda joto, na matangi ya kioo majumbani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, yanapanda nayo. Katika miezi hii tumbawe lililotoka dukani juzi huharibika upesi, na kinachoniuma ni kwamba mara nyingi haliuawi na njaa. Mwenyewe amelipenda, akalilisha jioni ileile, kesho akalilisha tena, chakula kikaoza chini ya mawe na maji yakachafuka.

Jambo la kwanza ni kujua umeleta tumbawe la aina gani. Mengi yanayouzwa yana mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, zooksantela, unaoishi ndani ya nyama yake na kutengeneza chakula kwa mwanga. Ni mkulima aliyebeba shamba lake mwilini. Kwa aina nyingi, sehemu kubwa ya nishati, pengine hata asilimia 90, hutoka kwa mwani huo. Acropora na xenia hazina haja ya vipande vya nyama. Zipe mwanga wa kutosha, maji yanayotembea na samaki wachache. Euphyllia na Lobophyllia, zenye vinywa vikubwa, hufurahia mlo mmoja au miwili kwa wiki, lakini hazitakufa ukichelewa.

Tubastraea ni habari nyingine kabisa. Hili ni lile la rangi ya chungwa linaloota kwenye mapango na chini ya miamba iliyoning'inia, hata katika bahari yetu. Halina mwani mwilini, hivyo taa ya bei kubwa haitalisaidia kitu. Lisipolishwa hukonda, na usitegemee kwamba ukilisha vinywa viwili upande mmoja na vile vya upande wa pili vimeshiba. (Ukilitaka, nunua kwa muuzaji mwenye vibali, usiling'oe mwambani. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka bila karatasi ni kosa.)

Siku mbili tatu za kwanza iache Tubastraea izoee maji. Kisha subiri jioni, taa zikishazimwa. Walishe samaki kwanza, maana wenye njaa watapora kila kitu. Yeyusha uduvi walioganda kwenye kikombe cha maji ya tangi, zima pampu, na dondosha matone machache ya maji hayo karibu na tumbawe. Yaliyobaki yamwage na uwasuuze uduvi, kwa kuwa yana fosfati. Sasa kaa utazame. Ndani ya robo saa hivi vinywa vilivyofumba huanza kuvimba, na minyiri ya manjano huchomoza kidogo kidogo. Visipofumbuka, usilazimishe, acha, ujaribu kesho saa ileile.

Vikifumbuka, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, uweke uduvi mmoja juu ya minyiri bila kurusha maji kwa nguvu. Utaona minyiri ikijikunja juu yake, kinywa kikipanuka, na uduvi akizama taratibu. Kamba wa mapambo wakija kumnyang'anya, kata chupa ya maji katikati na ulifunike tumbawe kwa ile nusu ya juu. Mlo utapita mdomoni mwa chupa. Pampu zisilale zaidi ya nusu saa. Baada ya hapo fyonza kila punje iliyoanguka. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki.

Uduvi wakavu wa sokoni usiwatumie, kwa sababu ya mchanga na chumvi. Kamba mbichi au ngisi aliyesuuzwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mchele anafaa sana.

Kaskazi inabadilisha hesabu hii kwa njia kadhaa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na chakula huoza upesi ndani yake. Umeme ukikatika usiku baada ya mlo mkubwa, unaweza kuamka na tangi zima limekufa. Kwa hiyo nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua chakula cha pili. Jitahidi joto libaki nyuzi 25 hadi 27. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa, ila maji nayo hukauka haraka. Yanayopungua yajazie kwa maji baridi yaliyochujwa, kamwe usitumie ya chumvi, maana chumvi haikauki pamoja na maji.

Joto likizidi kwa muda, tumbawe hufukuza mwani wake na kupauka, kama ilivyotokea kwenye miamba mingi ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Hapo ndipo mlo unaweza kuokoa maisha. Mwaka 2006 Andréa Grottoli na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi tumbawe la Hawaii, Montipora capitata, lilivyoongeza ulaji baada ya kupauka hata likajitosheleza, ilhali aina za Porites walizozipima hazikuweza. Kwa hiyo lililopauka lakini lina nyama bado, shusha joto kwanza, punguza mwanga, kisha lipe chakula kidogo usiku.

Likitema mlo saa chache baadaye, kipande kilikuwa kikubwa; kikate nusu. Ukiona mfupa mweupe ukijitokeza kati ya kinywa na kinywa, nyama inarudi nyuma, na kama ni Tubastraea, ongeza idadi ya siku za kulisha badala ya ukubwa wa mlo. Pima nitrati na fosfati kila wiki, na zikipanda, badilisha sehemu ya maji kabla ya mlo unaofuata.