Jumla ya Mauzo Haiingiani na Till? Angalia Aina ya Data

Wateja watatu wamelipa kwenye tovuti ya duka lako: 1,500, 1,200 na 1,000. Hiyo ni shilingi 3,700. Unafungua ripoti, na jumla inasema 3! Usishtuke. Pesa yako iko kwenye till. Shida iko kwenye hifadhidata, na leo tunakuonyesha wewe na developa wako jinsi ya kuimaliza.

Shida inaanzia wapi?

Kila kolamu kwenye hifadhidata ina aina yake: maandishi, namba, tarehe na kadhalika. Developa akiwa na haraka, anaweza kuweka kila kitu kama maandishi. Wewe ukiona "1,500" unaona pesa, lakini kompyuta inaona herufi tu. MySQL ikiambiwa ijumlishe, inasoma kutoka kushoto mpaka ikutane na koma, inabaki na 1. Tatu za hizo ndizo 3 zako. PostgreSQL yenyewe inakataa kujumlisha maandishi. Afadhali hiyo, maana utajua mapema.

1. Pesa: toa koma, kisha badilisha

`SELECT SUM(CAST(REPLACE(kiasi, ',', '') AS DECIMAL(12,2))) FROM malipo;`

REPLACE inaondoa koma, CAST inageuza maandishi kuwa namba, na DECIMAL(12,2) inalinda senti mbili za mwisho. Usitumie FLOAT kwa pesa. Aina hiyo hukadiria, na makadirio madogo madogo yakijumlishwa, hesabu inakataa kufunga.

Kama kuna mahali pameandikwa "KSh 500", CAST ya MySQL itakupa 0. Tafuta safu za namna hiyo kwanza, uzisafishe.

2. Angalia pia upande wa seva

Hata kolamu ikiwa DECIMAL, Node.js mara nyingi huipokea kama maandishi ili senti zisipotee njiani. Sasa developa akiandika alama ya kujumlisha, 500 na 200 zinakuwa 500200! Njia rahisi ni kuiacha hifadhidata yenyewe ijumlishe, halafu seva ionyeshe jibu tu.

3. Tarehe na saa

Muda wa malipo ukiwa umehifadhiwa hivi, 20240403221500, ubadilishe kwenye MySQL kwa:

`STR_TO_DATE(muda, '%Y%m%d%H%i%s')`

Kisha uliza: seva inatumia saa za wapi? Seva nyingi hutumia UTC, na Kenya iko mbele kwa saa 3. Mteja akilipa saa saba na robo usiku tarehe 4, seva itaandika 22:15 ya tarehe 3. Usipoongeza saa hizo 3, mauzo ya leo yataingia kwenye ripoti ya jana.

4. Namba ya simu si namba ya hesabu

Hii iache kama maandishi. Ukiigeuza kuwa namba, 0700000000 inapoteza sifuri ya mbele. Na ikianza na 254 inakuwa na tarakimu 12, wakati INT ya kawaida inaishia 2,147,483,647. Hakuna mtu anayejumlisha namba za simu, kwa hivyo hupotezi chochote.

Suluhisho la kudumu

CAST haibadilishi kilichohifadhiwa, inabadilisha jibu la wakati huo tu. Ili usirudie kazi hii kila mwezi:

- Hifadhi nakala ya data yote kwanza.
- Ongeza kolamu mpya ya DECIMAL, usifute ile ya zamani bado.
- Nakili kiasi kilichosafishwa hadi kolamu mpya.
- Linganisha jumla ya siku moja na stetimenti yako. Zikiingiana hadi senti, rudia kwa mwezi mzima.
- Kila kitu kikiwa sawa, ndipo ustaafishe kolamu ya zamani.

Stetimenti ndiyo shahidi wako. Ripoti ya tovuti ikisema kitu kingine, amini stetimenti na utafute kosa kwenye tovuti, kabla hujamshuku mfanyakazi wako wa kaunta kwamba amekula pesa.

Na kumbuka: kazi hii yote haihitaji PIN yako. Developa akikuomba, mwambie hapana.