Ushungi Kazini: Mas'ala ya Wanaovaa Sare

Amma baad. Limeletwa swali katika darsa yetu ya hapa Matinyani: binti wa Kiislamu akipata kazi ya hospitali, ya duka au ya ulinzi, naye mwenye kazi akasema sare haina ushungi, afanyeje? Baadhi walijibu upesi kuwa aiache kazi. Jibu hilo ni jepesi kwa asiyelipa karo wala kununua unga.

Kwanza tuifahamu dini yenyewe. Aya ya 31 ya Suratin-Nur yawaamrisha wanawake waumini wajisitiri kwa mitandio yao mpaka vifuani. Haikutaja rangi, wala haikutaja buibui. Hilo ni vazi la desturi ya pwani, zuri, lakini si sharti. Kwa hivyo mwenye kazi akitaka ushungi uwe wa rangi ya sare yake, nao ni mzito usioonyesha nywele, binti hana hoja ya kukataa. Na penye mashine, ncha zitiwe ndani ya nguo zisije zikanaswa. Kuihifadhi nafsi nako ni katika dini.

Ama sheria ya nchi, wengi wetu hatuijui, na ujinga huo watudhulumu kuliko waajiri. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamkataza mwajiri kumbagua kwa dini aliyekwisha kuajiriwa na hata anayeomba kazi tu. Tena shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa hakubagua.

Walakini tusidhani mambo yamekwisha. Katika kesi ya shule ya Isiolo, ambayo ni sare ya wanafunzi, Mahakama ya Rufani iliikubali hijabu mwaka 2016. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu ile, kwa kuwa dai halikuingizwa kwa njia ya sawa. Asili ya mas'ala haikuamuliwa. Tazameni jinsi haki inavyoweza kukwama kwa karatasi!

Nje nako wamekhitalifiana. Huko Marekani, tarehe 1 Juni 2015, majaji 8 kati ya 9 walikuwa upande wa binti wa Tulsa aliyenyimwa kazi na kampuni ya nguo ya Abercrombie & Fitch kwa ajili ya ushungi, ijapokuwa hakutamka kuwa aomba ruhusa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, tarehe 14 Machi 2017, ilisema kampuni yaweza kukataza alama zote za itikadi, mradi iwakataze wote.

Binti zetu wasingoje kukisiwa. Kabla ya kutia sahihi mkataba, aandike barua ya adabu, aeleze ushungi autakao, akubali rangi ya sare, na nakala abaki nayo. Akikataliwa, aombe jibu kwa maandishi, kisha aende kwa afisa wa kazi wa serikali, afuatane na mzee wa msikiti.

Mas'ala ya sala ya adhuhuri kazini tutayaeleza katika darsa ijayo, inshallah.